Baki Lenye Fungu Ndani

Nikiwa katika mazoezi ya kufundisha, mwanafunzi mmoja aliandika: 17 gawanya kwa 5 ni 2, baki 7. Nikamkosesha kwa wino mwekundu bila kumuuliza. Tangu siku hiyo hakunyosha tena mkono.

Leo, nikihesabu mishororo ya tarbia, namwelewa. Hesabu yake ilitimia: tano mara mbili, jumlisha saba, ni 17. Ila aliacha kugawa mapema, kama malenga mwenye mishororo 11 adaiye ana ubeti mmoja na mishororo saba ya ziada, ilhali ubeti wa pili umo humo. Baki sharti liwe dogo kuliko namba inayogawa.

Nami nilimhesabu baki mapema mno. Ndani yake mlikuwa na fungu zima.