Kababu za Mchuzi Siku ya Wageni

Kwetu Kakamega mgeni wa heshima huchinjiwa kuku. Hii ni desturi ya Waluhya tangu zamani, nayo ina taratibu zake: firigisi, ambayo sisi twaiita imondo, ni haki ya mwenye mji au ya mzee anayeheshimiwa kupita wote. Mgeni aliyeandaliwa ugali bila kuku aweza kurudi kwao akasema kwamba hakupokewa.

Basi, wasomaji wenzangu, fikirini hali yangu. Wazee kumi na wawili walikuwa wametuma habari kwamba watafika Jumamosi kwa maneno ya posa ya binti yangu. Jumatatu ya juma lile lile kideri kiliingia bandani, na hata kufika Alhamisi sikusaliwa na kuku hata mmoja. Kosa lilikuwa langu mwenyewe. Chanjo ya kideri ni tone moja tu la dawa katika jicho la kuku, nayo hurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Mimi niliacha wakati wake ukapita.

Nikakusudia kwenda soko la Khayega kuchukua kuku kwa deni. Mke wangu akanizuia. Akasema, "Mzee, hizo ni pesa za mbolea. Niletee kilo moja ya nyama isiyo mifupa, nami nitapika kababu." Upishi huo alijifunza kwa majirani zetu wa Majengo, Mombasa, zamani nilipokuwa karani huko.

Nilikaa jikoni nikamtazama, nami nawaeleza nilivyoona. Nyama ilikuwa imesagwa buchani mara mbili. Akaichanganya na vipande vinne vya mkate vilivyolowekwa katika maziwa na kukamuliwa, maana kababu isiyo na mkate huwa ngumu. Akatia kitunguu kilichokatwa vidogo sana, kitunguu saumu na tangawizi iliyopondwa, dania, pilipili manga, chumvi, na yai moja, ambalo nalo ilitubidi kulinunua dukani. Akalowesha mikono kwa maji ili nyama isimnate, akafinyanga madonge madogo kama limau changa. Kilo ile ikatoa kababu arobaini.

Kisha akakaanga vitunguu katika sufuria pana, akatia nyanya nyingi, akaziacha ziive mpaka mafuta yakaelea juu. Akaongeza maji kidogo na chumvi. Mchuzi ulipochemka akazitia kababu moja moja, bila kuzikaanga kwanza. Hakukoroga hata kidogo, kwa kuwa kababu mbichi ikiguswa na mwiko huvunjika; alitikisa sufuria tu. Akapunguza moto, akafunika, na baada ya muda wa nusu saa chakula kilikuwa tayari.

Wageni walipokwisha kunawa nilisimama. Nilikuwa nimewaza kutunga udhuru, lakini nikaona heri niseme kweli. Nikasema, "Wazee wangu, kideri kimemaliza kuku wangu wote, kwa uzembe wangu. Tulichonacho ndicho hiki." Pakawa kimya. Mkubwa wao akamega ugali, akachovya katika mchuzi, akala kababu moja, kisha akacheka. Akasema, "Mwanangu, hata kwangu kilipita mwaka jana, ila mimi sikuwa na moyo wa kuwaambia wageni. Tena leo hapana wa kugombea imondo."

Maneno yale yalinifanya niangalie jambo ambalo sikuwa nimeliona maishani mwangu. Kuku akiliwa, wakubwa hupata mapaja na kidari, na watoto jikoni hungoja shingo na miguu. Siku ile tulikuwa watu ishirini pamoja na jirani zangu wanne, mke wangu na watoto wawili, na kila mtu alipata kababu mbili. Mtoto wangu mdogo alizihesabu zake, akaja mlangoni kuchungulia sahani ya yule mzee, akarudi jikoni akimwambia mama yake kwa furaha, "Naye anazo mbili!"

Maneno ya posa yalikwenda vizuri. Sasa nina kuku wengine, nao wote wamechanjwa, na wageni wakija nawachinjia kama desturi ituamuruvyo. Lakini sufuria ya kababu haikosi kuwa motoni siku hiyo, kwa ajili ya wale wa jikoni.