MOMBASA MARA YA PILI, NA WATOTO MKONONI

Wahenga walinena, tembea uone. Lakini wahenga hao hawakusema lolote kuhusu kurudi mahali ulipokwisha kuona, tena ukiwa na watoto wawili, mmoja amekushika sketi na mwingine ataka kwenda haja ndogo katikati ya barabara. Mpenzi msomaji, hilo ndilo nililotwikwa mimi likizo ya Agosti mwaka 2025, na nimeonelea niliandike hapa, maana najua wengi wetu katika shule hii ndio kina mama wadogo huko nyumbani.

Wako wenzetu wenye mashangazi London na Milano. Mimi jiji langu ni Mombasa. Kutoka kwetu Malindi ni kilomita 120 hivi, na ukipanda basi asubuhi wafika kabla ya adhuhuri. Kwa hivyo si mbali. Ila kwa ndugu yangu mdogo, kitinda mimba wetu, Mombasa ilikuwa mbali kuliko mwezi.

Sababu ni hii. Mwezi wa Januari mwaka 2023 mama yetu alisafiri kwenda Saudia kufanya kazi za nyumbani. Sitaeleza mengi kuhusu hilo, kwani hapa pwani karibu kila kijiji kina mama au dada aliyekwenda Uarabuni, na wengi wenu mwajua zile pilikapilika za pasipoti, cheti cha daktari na wakala asiyeshika simu. Siku ya kuondoka tulimsindikiza sote mpaka uwanja wa ndege wa Mombasa. Kitinda mimba alikuwa na miaka minne. Aliona mama akivuta sanduku, akaona mlango wa kioo ukifunguka wenyewe na kujifunga wenyewe, na mama asionekane tena. Hakulia. Aliuliza tu, "Mlango ule wala watu?" Sisi wakubwa tukacheka, kumbe mwenzetu hakuwa na mzaha.

Tangu siku hiyo hakutaka kusikia jina la Mombasa. Mkataba wa mama ulikuwa wa miaka 2. Januari mwaka 2025 tulifua mapazia, Hawe (yaani bibi, kwa sisi Wagiriama) akatenga kuku, kisha mama akapiga simu kwamba mwajiri ameomba aongeze muda, na karo yangu bado ina deni. Kuku hakuchinjwa. Kuanzia hapo mtoto akaacha kuzungumza na mama kwenye simu. Ukimpa anairudisha, au anaiweka mezani na kwenda zake kucheza. Mama kule analia, mimi huku nasema mtandao ni mbaya.

Basi shangazi anayekaa Kisauni alipotualika tukae kwake wiki moja, kitinda mimba alikunja uso. "Mie siendi. Mombasa yala watu." Dada yetu wa pili, wa miaka kumi, yeye alikwisha panga viatu mlangoni.

Nilikaa kitako nikafikiri. Ushauri wangu wa kwanza kwa yeyote anayerudi mjini na watoto ni huu: usiwapeleke kwanza kule mlikokwenda mara ya mwanzo. Mji mkubwa una milango mingi. Tafuta mwingine.

Mlango wetu ulikuwa Bamburi, ambako huna hata haja ya kuvuka daraja la Nyali. Lakini hata safari yenyewe ni darasa, usiwaache walale. Tulipita Gede, tukapita msitu wa Arabuko Sokoke, na pale Kilifi niliwaamsha waone mkono wa bahari chini ya daraja. Hawe hutuambia kwamba kabla ya daraja hilo kufunguliwa mwaka 1991 watu walivuka kwa feri, na foleni ikiwa ndefu ulikula korosho mpaka ukachoka. Baada ya hapo ni mikonge ya Vipingo, mistari mpaka macho yaume, kisha Mtwapa na kelele zake.

Pale Bamburi pana bustani ya wanyama iitwayo Haller Park. Zamani palikuwa machimbo ya mawe ya matumbawe ya kutengenezea saruji. Palibaki jangwa jeupe lisilootesha hata jani. Mwaka 1971 mtaalamu mmoja, René Haller, alianza kupanda miti humo, na uliokubali hasa ni mvinje, ule ule unaouona ufuoni kwetu. Majani yake yakaanguka, majongoo wakayasaga, udongo ukapatikana, miti mingine ikafuata. Leo ukiingia humo huwezi kusadiki kuwa ni shimo la mawe.

Lakini si mivinje iliyonipeleka. Nilitaka kumsimulia kitinda mimba habari ya kiboko Owen, na nilitaka aisikie pale pale ilipotokea. Nanyi someni, kwa kuwa ni habari ya kwetu. Desemba mwaka 2004 kulikuwa na mvua kubwa, Mto Sabaki ukafurika na kuwasukuma viboko mpaka baharini. Likaja lile wimbi la tsunami la tarehe 26. Kesho yake mtoto wa kiboko, wa mwaka mmoja hivi, akaonekana peke yake kwenye mwamba wa bahari karibu na Malindi. Kundi lake halikuwepo. Wavuvi, wanakijiji na wageni walihangaika naye kutwa kwa nyavu na kamba, kwa maana mtoto wa kiboko si mwanambuzi, ana uzito wa karibu kilo 300. Akapakiwa garini, akaletwa Haller Park. Alipofunguliwa alikwenda moja kwa moja kwa kobe mkubwa sana aliyeitwa Mzee, mwenye umri unaokisiwa kuwa miaka 130, akajificha nyuma yake.

"Kobe akamkubali?" dada aliuliza.

"Hakumkubali mara moja. Alimfokea kwa pumzi na kusogea kando. Kiboko akasogea vilevile."

"Halafu?"

"Halafu kobe akachoka kusogea."

Wakawa wanakula pamoja, wanalala pamoja, na habari zao zikaandikwa vitabu vikasomwa dunia nzima. Mwaka 2007 Owen, amekwisha kuwa mkubwa, aliwekwa na kiboko wa kike aitwaye Cleo, maana kiboko mkubwa anaweza kumvunja kobe bila kukusudia.

Kitinda mimba alinyamaza muda mrefu. Kisha akauliza swali nililokuwa naliogopa: "Mamake je?"

Nilimwambia ukweli, kwamba walipotezana baharini. "Na kobe akawa mamake?" La, nikasema, kobe alibaki kobe. Alikuwa wa kukaa naye tu. Akanitazama mimi, akatazama kobe wengine waliokuwa wakitafuna majani, akasema, "Wewe ndio kobe." Dada alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nilijifanya natafuta pesa za kununua maji.

Alasiri kuna saa ya kulisha twiga. Nawashauri mngoje, msiondoke kabla. Ulimi wa twiga ukikupita kiganjani hutausahau. Tena mwambie mtoto wa Malindi kwamba mwaka 1415 wajumbe kutoka Malindi walimfikisha twiga kwa mfalme wa Uchina, na Wachina wakadhani ni mnyama wa heri wa ngano zao. Dada yangu alitembea kichwa juu siku nzima kana kwamba twiga yule alitoka bomani kwetu.

Siku ya pili tulikwenda Ngome ya Yesu, ile Fort Jesus. Beba kitambulisho, kwa sababu wananchi hulipa kidogo kuliko wageni na watoto hulipa kidogo zaidi. Ngome hii Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, kwa ramani ya Mtaliano Giovanni Battista Cairati (hata wakati huo Mtaliano hakukosa pwani yetu!). Mwalimu wetu wa historia ametufunza hayo, lakini mbele ya watoto utaulizwa maswali ambayo hayamo kwenye mtihani. Dada alitaka kujua kwa nini Vasco da Gama alipofukuzwa na watu wa Mombasa mwaka 1498, sisi wa Malindi tulimpa chakula na nahodha wa kumfikisha Bara Hindi. "Kwa hivyo sisi ndio tuliowaleta?" Nikamjibu kwamba Malindi na Mombasa hawakuwa wakipatana, na adui wa adui yako ni rafiki. Hakuridhika. Alifurahi kidogo tu niliposimulia habari za Yusuf bin Hasan, wa ukoo wa wafalme wa Malindi waliokuja kutawala Mombasa. Wareno walimchukua angali mtoto wakamlea Goa, wakambatiza jina la Jerónimo. Alirudi mtu mzima, na mwaka 1631 akamwua kapteni wao na kuiteka ngome. "Hapo sawa," dada akasema, kama hakimu.

Waarabu wa Oman waliizingira ngome kuanzia mwaka 1696 na kuitwaa mwaka 1698. Waingereza nao wakaigeuza jela kutoka 1895 hadi 1958. Haya yapitishe haraka, watoto hawayashiki. Wanachoshika ni ukuta ambao mabaharia wa Kireno waliuchora merikebu kwa makaa na ngeu. Kitinda mimba alishangaa kwamba watu wazima walichora ukutani na hakuna aliyewachapa.

Zile Pembe za Ndovu za Barabara ya Moi tulizipita kwa tuktuk. Ni za bati. Piga picha uende zako.

Sasa nifike kwenye feri ya Likoni. Wenzangu, hakuna matembezi ya bei rahisi kama haya, kwani mwenda kwa miguu halipi hata ndururu. Ila ni mahali pa kujihadhari. Hawe alituonya kwenye simu mara tatu. Yeye hajasahau ajali ya feri ya Mtongwe ya tarehe 29 Aprili mwaka 1994, watu 272 wakafa maji. Kwa hivyo niliwavisha wote fulana nyekundu, nikawashika mikono, na tukangoja umati wa asubuhi upungue. Usiende saa za watu kuingia na kutoka kazini, utabebwa kama gunia.

Tuliingia. Lango likainuliwa, ardhi ikaanza kusogea. Kitinda mimba alishika chuma cha pembeni na kuniuliza, "Yaenda wapi?" Nikamwonyesha Likoni. Tukashuka, tukasimama kando, tukaiona feri ikipakia watu na magari, ikageuka kurudi kisiwani.

"Yarudi?"

"Yarudi."

"Kila siku?"

"Kila siku, na usiku pia."

Alitaka kupanda tena. Tukapanda. Tulipofika upande wa pili akataka tena. Dada alianza kulalamika njaa, jua nalo kali, lakini mimi niliona uso wa mtoto na nikasema twende. Tulivuka mara sita, msomaji, na kila feri nyingine ilipotupita majini alihesabu kwa vidole zilizokwenda na zilizorudi. Makanga mmoja aliyekuwa amesimama kando ya matatu yake alituuliza kama tumepotea. Kitinda mimba akamjibu, "Hatujapotea, twatazama."

Jioni hiyo, ilikuwa Ijumaa, tulikaa Mama Ngina chini ya mibuyu. Hapo meli kubwa hupita karibu zikienda bandari ya Kilindini, karibu hata waona nguo za mabaharia zimeanikwa. Tulinunua mihogo ya kukaanga yenye pilipili na ndimu, na madafu mawili kwa watatu. Ijumaa ndiyo siku ya mama kupiga simu. Simu ikalia. Nilizungumza mimi, akazungumza dada habari za twiga na za Yusuf bin Hasan kwa mchanganyiko ambao sidhani mama aliuelewa. Kisha, kama kawaida, mama akaniuliza kwa sauti ya chini, "Na huyo mwingine yuwaendeleaje?"

Kabla sijajibu mkono wenye mafuta ya mhogo ukaichukua simu.

Alimweleza kuhusu kobe. Alieleza yote, wimbi, nyavu, jinsi kobe alivyofoka, na kwamba feri za Likoni zilizorudi ni nyingi sawasawa na zilizokwenda, amehesabu mwenyewe. Mama hakusema neno. Nilimwona kwenye kioo ameziba mdomo kwa mtandio.

"Mama," akauliza, "huko kwenu kuna feri?"

Mama akajipangusa. Akasema huko Riyadh hakuna bahari, ni mchanga mtupu, yeye atapanda ndege.

"Yarudi?"

"Yarudi, babangu. Mwezi wa kwanza."

Kitinda mimba akafikiri kidogo, akanirudishia simu, akaniambia nimnunulie mhogo mwingine, usiwe na pilipili.