Sakafu Mpya na Ngazi za Babu

Wengi wenu mmeziona zile mbao nyembamba za laminati zinazopangwa juu ya sakafu ya zamani pasipo msumari wala gundi. Kwa macho zafanana na mvule, lakini ndani ni nyuzi za mbao zilizoshindiliwa, na juu yake karatasi yenye picha ya mti. Waswidi ndio waliozibuni mwaka 1977. Likizo iliyopita tulizitandika nyumbani kwetu Bukavu, na kazi hiyo ikazua ubishi.

Sakafu yetu ni ya saruji nyekundu. Marehemu Bibi aliisugua kwa nta kila Jumamosi, hata ukipita waona kivuli chako. Babu hakutaka iguswe. Baba mdogo akamweleza kwamba haitaguswa: kwanza hutandazwa plastiki ili unyevu wa saruji usipande, kisha povu jembamba la milimita 2, kisha mbao za milimita 8 zinazoshikana zenyewe kwa ulimi na mfereji. Kando ya kuta huachwa nafasi ya milimita 10, maana mbao hizi hutanuka wakati wa mvua. Ukizibana huvimba katikati kama nundu ya ng'ombe. Siku ukizichoka, wazing'oa, na sakafu ya Bibi ipo pale pale. Babu akakubali.

Shida ikawa ngazi. Mji wetu u juu ya vilima, na nyumba nyingine zina ngazi hata ndani. Yetu ina vipandio vitatu kati ya sebule na vyumba vya kulala. Baba mdogo alitaka kuviacha vilivyo, kwani mbao zilikuwa chache. Nikachukua futi kamba nikampigia hesabu: sebule ikiinuka sentimita moja, hatua ya kwanza itapungua sentimita moja, na sakafu ya juu nayo ikiinuka, hatua ya mwisho itazidi sentimita moja.

"Sentimita moja ni kitu gani?" akauliza.

Kwa mwenye macho si kitu. Lakini Babu haoni vizuri, naye hupanda kwa kukumbuka kwa miguu.

Basi ilibidi vipandio navyo vifunikwe. Ila kipandio hakiachwi kuelea kama sakafu. Sharti mbao igandishwe kwa gundi, na ukingoni ifungwe pembe ya alumini yenye mistari, mguu usiteleze. Na gundi haishiki juu ya nta. Ndiyo kusema kazi ya Bibi ikwanguliwe.

Hilo halikuwa langu kuliamua. Tukaweka vipande vya mbao chini na juu, nikamshika Babu mkono, akapanda. Kwenye hatua ya mwisho kidole chake kikagonga. Akashuka, akapanda tena, kikagonga tena. Akaketi juu ya kipandio cha pili, akakipapasa kwa kiganja muda mrefu.

"Kwangueni," akasema. "Lakini ya sebuleni isikwaruzwe."

Tulikwangua siku nzima. Mbao za vipandio tulizitoa kwenye fungu la stoo, nayo stoo ikabaki na saruji yake. Sasa hatua hazikutofautiana na zile za zamani kwa zaidi ya milimita 2, nazo ni za lile povu, ambalo halitiwi kwenye ngazi. Pembe za alumini zang'aa kiasi cha Babu kuziona. Hata hivyo alalamika kwamba sebule yalia kama debe mtu akipita na viatu, na kweli yalia. Mlango wa stoo, ambao hufungukia sebuleni, bado haujapunguzwa chini, twaingilia dirishani.