Barabara ya Mashamba: Kutoka Würzburg hadi Füssen

Nilipofika Ujerumani kwa mara ya kwanza, dada yangu aliniuliza nianze na Berlin au Munich. Nikamwambia nataka kuona wakulima. Nimezaliwa Lushoto, nimekua nikibeba kabichi hadi barabarani, na siku nyingi nilitamani kujua mkulima wa nchi yenye viwanda vingi hivyo anaishije. Shemeji akakodi gari-nyumba, tukatoka Frankfurt kuelekea Würzburg. Hapo ndipo inapoanzia Romantische Straße, njia ya kitalii iliyobuniwa mwaka 1950, inayoshuka kusini hadi Füssen, chini ya milima ya Alps.

Ndani ya gari mlikuwa na vitanda, jiko la gesi, friji, choo, tangi la maji safi na jingine la maji machafu. Shemeji aliliendesha kwa leseni yake ya gari dogo, kwa kuwa uzito wake haukuvuka tani 3.5. Kazi yangu ilikuwa maji: kujaza yaliyo safi na kumwaga machafu mahali palipotengwa.

Würzburg tulisimama kwenye kasri la Residenz. Juu ya ngazi zake kuu Giovanni Battista Tiepolo alichora dari lote, akaonyesha mabara manne. Afrika ni mwanamke aliyeketi juu ya ngamia, kazi ya mtu ambaye hakuwahi kukanyaga bara letu. Mabomu ya Machi 1945 yaliunguza sehemu kubwa ya jengo, lakini kuba la mawe lililojengwa na Balthasar Neumann likastahimili, na picha ikapona.

Jioni tuliingia shambani. Upo mpango uitwao Landvergnügen: msafiri hununua kitabu cha mwaka pamoja na kibandiko cha kioo cha gari, kisha anaruhusiwa kuegesha kwa mkulima mwanachama hadi saa 24 bila kulipia, mradi gari lake liwe na choo. Mwenyeji wetu, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa, alituonyesha pa kuegesha kando ya ghala, akarudi zizini kukamua. Mlangoni palikuwa na kibanda chenye mayai, jemu, soseji na mkate wa shayiri nyeusi. Bei zimeandikwa, kopo la fedha lipo, muuzaji hayupo. Tulichukua tulichotaka, tukatumbukiza euro zetu.

Alipomaliza kukamua alikuja kukaa nasi, dada akawa mkalimani. Nilimuuliza mzee yule kuhusu bei ya maziwa. Akasema hiyo hupangwa na wanunuzi, yeye huambiwa tu. Kauli hiyo nimeisikia tangu utoto, mbele ya dalali na lori lake. Kisha akaelekeza kidole kwenye kile kibanda: pale, alisema, bei ni yangu. Nililala usiku ule nikiwaza maneno hayo.

Rothenburg ob der Tauber tulitembea juu ya ukuta wa mji. Sehemu yake ilibomolewa na mabomu mwaka 1945, ikajengwa upya kwa michango ya watu wa nchi mbalimbali, na majina yao yamechongwa kwenye mawe. Watalii walijaa mitaani. Mabasi yaliwaleta asubuhi na kuwaondoa jioni.

Nördlingen ndiyo iliyonishika zaidi. Ngorongoro yetu ni kazi ya volkano, na bonde la Ries, ambamo mji huu umejengwa, lenye upana wa kilomita 24 hivi, nalo lilidhaniwa hivyo kwa muda mrefu. Mwaka 1960 Eugene Shoemaker na Edward Chao walikuta katika mawe yake madini yanayohitaji mgandamizo mkubwa mno, ushahidi kwamba kilianguka kimondo, takriban miaka milioni 15 iliyopita. Mwaka 1970 wanaanga wa Apollo 14 walikuja hapa kujifunza mawe kabla ya kwenda mwezini. Nilipanda mnara wa kanisa, Daniel, uliojengwa kwa mawe hayohayo. Chini yangu mapaa mekundu yalizungukwa na ukuta wa duara, na nje ya ukuta ngano ilijaa hadi vilimani. Wakulima wanalima ndani ya shimo la kimondo!

Mwisho wa njia ni kasri la Neuschwanstein, ambalo mfalme Ludwig II alianza kulijenga mwaka 1869 na kufa kabla halijakamilika. Ni zuri, na foleni yake ni ndefu.

Fedha nyingi za utalii huishia kwenye makasri, na barabara hupita tu mashambani. Mpango ule wa Landvergnügen umewapa wakulima sababu ya msafiri kusimama kwao na kununua kwa bei waliyoiweka wenyewe. Lushoto tuna wageni wanaokuja kutembea Usambara, tuna matunda, na asali. Tunachohitaji ni uwanja wa kuegesha, choo safi, na kibanda mlangoni mwa kila mkulima aliye tayari. Hilo halihitaji kiwanda, na ningependa lianze kwetu.