Tundu la Paa na Uzi wa Nkambo

Wahenga wetu walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Methali hiyo tuliikariri shuleni, mwalimu akatupa pointi, tukaisahau. Sisi watoto wa nyumba moja ya Lubumbashi tulikuja kuielewa tukiwa watu wazima, siku ile tulipopanda juu ya motokari ya marehemu baba, msasa mkononi, vumbi ya kioo ikituwasha shingoni. Tunaandika habari hii katika kijitabu cha desturi juu ya sababu moja: desturi ya kutengeneza haiko ya vibuyu na mikeka tu.

Motokari yenyewe ni Citroën ID 19, ndugu ya ile DS iliyoonyeshwa Paris mara ya kwanza mwezi wa 10 mwaka 1955, na jamii yake ikaachwa kutengenezwa mwaka 1975. Wazee wa mji wanakumbuka namna inavyowaka na kuinuka polepole, sawa vile ng'ombe anayeamka. Lakini wachache wanajua mwili wake. Mabawa yake ni ya chuma, boneti ni ya aluminiamu, na paa ni ya nyuzi za kioo zilizoshikwa na rezini, zile mafundi wa garaje wanaita fibre. Fibre haishikwi na kutu. Ndiyo maana baba alizoea kusema: “Hii motokari itanizika.” Na kweli, ilimzika.

Paa ile ilitobolewa na mtu wa nyumbani. Yaya wetu, kifungua mimba, wakati wa shida alipasua matundu manne, akafunga kibebeo cha mizigo kwa bulo, apate kubeba magunia ya unga kutoka Kasumbalesa. Paa ya fibre haikufanywa kwa mizigo. Ni nyepesi, inafunika tu. Kwa kila shimo la barabara, bulo zilikula fibre kidogo kidogo. Nyufa zikatembea, na tundu moja likawa kubwa kama ngumi. Masika ilipofika, mvua ikaingia mpaka kwenye viti. Baba hakumgombeza. Alinyamaza, na kule kunyamaza kulimuuma Yaya kuliko fimbo. Akaanza kuja mara moja moja, kisha akaacha kuja.

Kilio cha baba kilipoisha, tukakaa kikao cha jamaa. Wengine walitaka kuuza. Wanunuzi wa vyuma vya zamani walikuja, wakagonga huku na huku, wakataja bei. Walipofika kwenye paa wakacheka: “Kile kichwa mubaki nacho, hakina kilo.” Tulicheka pamoja nao, kisha tukaona haya.

Mjomba, aliyekuwa fundi wa mashua kule Kalemie, ndiye aliyekata maneno. “Hamuwezi kuuzisha kitu chenye kiko na kidonda. Mutengeneze kwanza, nyuma mutagombana.” Kwetu mjomba akisema, mutu anaitika.

Tukaleta mkebe wa mastiki. Tulidhani kazi ni kujaza tundu, kulainisha na kupaka rangi. Mjomba akausukuma pembeni. “Mastiki haiko na mifupa. Itakaa mwezi moja, kisha itaanguka. Fungueni tundu.” Kufungua tena? Ndiyo. Alitukatisha fibre yote iliyopasuka mpaka tukafika penye uzima, tundu la ngumi likawa kama sahani. Hapo mdogo wetu mmoja alilia kwa hasira, akasema tunamaliza mali ya baba.

Baadaye tukapunguza kingo kwa msasa, upana wa vidole vinne kuzunguka tundu, ziwe nyembamba kwa mteremko. Kiraka kikigusa ukingo uliosimama kinashika padogo. Kikilala juu ya mteremko kinashika papana. Tulivaa mikono mirefu na kufunga vitambaa puani na mdomoni, maana vumbi ile haifai kuingia kifuani. Tukapangusa kwa asetoni. Kwa ndani, tulipokwisha kutosha kitambaa cha dari, tukategemeza kartoni iliyofunikwa plastiki, rezini isipate kuishika.

Kazi tuliifanya mwezi wa 7, kiangazi, maana unyevu ni adui wa rezini. Kwa kilo moja ya rezini unatia katalizeri gramu 10 mpaka 20: kidogo wakati wa joto, zaidi kidogo asubuhi ya baridi. Ukizidisha, inachemka mkebeni, inatoa moshi, inapasuka yenyewe. Na katalizeri ikiruka jichoni inaweza kuleta upofu. Kwa hiyo Mjomba alipima mwenyewe, miwani usoni. Mkeka wa fibre hatukuukata kwa makasi. Tuliurarua kwa mikono, ili nyuzi za pembeni zibaki ndefu na kuingiana na za zamani. Tabaka kwa tabaka, tukigongagonga kwa brashi mpaka hewa itoke na weupe wa nyuzi upotee.

Hapo ndipo mmoja wetu alisema: “Lakini hii ni kazi ya Nkambo!” Wote tukakumbuka. Nkambo yetu hakutupa kibuyu kilichopasuka. Alitoboa matundu madogo kwa sindano ya moto kando ya ufa, akashona kwa uzi, akapakala utomvu wa mti. Uzi na utomvu. Nyuzi na rezini. Na yeye pia alianza kwa kutoboa. Tulipomwambia Mjomba, hakushangaa. “Mulizani nilijifunza wapi? Mutu mwenye anaogopa kutoboa, hawezi kushona.”

Siku ya tatu Yaya akatokea mlangoni. Hatujui nani alimpasha habari, tunamshuku Mjomba. Hakusalimu kwa maneno mengi. Alitazama yale matundu manne ya bulo, tuliyokuwa hatujayagusa, akauliza: “Haya ni ya nani?” Mjomba akamnyoshea msasa: “Njo yako.” Akapanda, akakwaruza mpaka jua likazama. Mama alimletea bukari na samaki pale pale juu ya kiti, na tangu siku ile Yaya alianza tena kuingia nyumbani bila kubisha hodi.

Mwishoni tulipaka mastiki nyembamba, tukasugua, tukapaka rangi. Tulitaka kulainisha na upande wa ndani, Mjomba akakataa. Kiraka kingebaki na ukali wake, kama mshono wa kibuyu. Tukirudisha kitambaa cha dari, tukiweza kukifungua pembeni, watoto waone.

Kikao cha kuuza kiliitishwa tena. Hakuna aliyesema neno, tukanywa chai, tukatawanyika. Motokari iko chini ya mwembe, injini inaamka siku inayotaka yenyewe. Mvua ikinyesha, mmoja wetu anaingia, anapitisha kiganja chini ya dari. Pakavu.

Wasomaji wapendwa, kila nyumba iko na paa yake iliyotobolewa na mtu wa nyumbani. Sisi tulikimbilia mastiki, na tungebaki na mastiki bila Mjomba. Vijana wetu wafundishwe kushona kibuyu wakati wanaojua wangali hai.