Ngokolo: Unampigia Nani Kwanza?

Ngokolo ni kata ya Manispaa ya Shinyanga, na mgeni huitambua kwanza kwa kanisa kuu la Kikatoliki, makao ya jimbo. Ardhi ni tambarare, anga ni pana, barabara za mitaani ni za vumbi, na baiskeli ni nyingi kuliko nilivyozoea: za mkaa, za madumu ya maji, za abiria. Mimi natoka Mji wa Kale wa Mombasa, ambako vichochoro vingine ukivipita mabega yanakaribia kugusa kuta zote mbili. Hapa nyumba zinaachiana hewa. Kwetu moto ukishika paa moja, majirani wa pande zote huanza kutoa vyombo nje papo hapo, na gari la zimamoto hukomea barabarani, mipira ikavutwa kwa mikono. Huku gari litapita popote. Kazi yake ni kufika tu, kwani mji umetawanyika.

Ndipo nikaanza kuuliza swali moja kwa kila niliyeketi naye: usiku wa manane likitokea jambo, unampigia nani? Namba zenyewe watu wanazijua. 112 ni ya polisi, 114 ni ya zimamoto, 115 ni ya gari la wagonjwa. Hata hivyo hakuna aliyeanza na namba. Mmoja alimtaja mwenyekiti wa mtaa. Mwingine alimtaja kijana wa bodaboda anayelala nyumba ya tatu. Mama mwenyeji wangu, ambaye kila asubuhi nilimwamkia “mwangaluka” kwa Kisukuma changu cha kuazima naye akacheka kabla ya kuitikia, alinijibu akiendelea kuchambua mchele: “Napiga yowe kwanza, mwanangu. Simu yaweza kukosa chaji. Koo langu halikosi.”

Yowe katika nchi hii lina historia ya kiserikali, jambo ambalo sikulitarajia. Mwaka 1982, wilayani Kahama, wanavijiji waliochoshwa na wizi wa ng'ombe na ujambazi walianza kujipanga wenyewe kwa pinde, mishale na filimbi. Ndio sungusungu. Mwano, yaani yowe la hatari, ulipopigwa kijiji kimoja uliitikiwa na cha pili, kisha cha tatu, mwizi akajikuta anakimbia kuelekea kwa watu waliokwisha kuamka. Aliyebaki kitandani alitozwa faini. Mtindo ulienea Usukumani na Unyamwezini kwa kasi, dola ikasitasita, Mwalimu Nyerere akausifu, na mwaka 1989 sheria ya mgambo ikarekebishwa ili kuutambua. Sijui mahali pengine ambapo kutotoka nje jirani anapolia kuliwahi kuwa kosa la kulipiwa.

Wazee walionisimulia hayo kwa fahari hawakuficha upande wa pili. Yowe halisikilizi ushahidi. Waliofukuzwa si wote walikuwa wezi, na mkoa huu una kumbukumbu mbaya ya vikongwe waliouawa kwa kushukiwa uchawi. Nisijitie kimbelembele: kwetu nako neno “mwizi!” likipazwa sokoni, polisi asipowahi, mtu hufa kabla hajaulizwa jina.

Siku hizi yowe limepewa mahali pa kuishia. Kata ina polisi wake, ofisa aliyepangiwa hapo ajulikane kwa sura, na namba yake hukaa kwenye simu za wenyeviti wa mitaa. Mwananchi anamwambia mwenyekiti, mwenyekiti anamwambia polisi kata. Niliona ni mzunguko, mwenyeji akaona ni njia ya mkato. Kenya, namba ya dharura ya 999 iliwahi kukaa kimya miaka mingi hadi ilipofufuliwa mwaka 2013, na wengi wetu tulikwisha kujifunza kuishi bila hiyo. Huku hawakungoja namba ifufuke, kwa kuwa mlolongo wa watu haukuwahi kukatika.

Jambo lililonichanganya kabisa ni karatasi. Mtu akigongwa na pikipiki au akipigwa, watu hutaja PF3, fomu ya polisi ambayo majeruhi hutakiwa kuwa nayo anapokwenda kutibiwa. Kenya tuna P3, ila hiyo tunaitafuta baadaye, tunapojiandaa kwa kesi. Hali ikiwa mbaya, madaktari hutibu kwanza na karatasi hufuata, hilo nilielezwa na zaidi ya mmoja. Lakini sikiliza mazungumzo ya kijiweni ajali inapotokea: sauti moja inasema hospitali, nyingine inasema tupitie kituoni kwanza, na dereva wa bajaji ameshika usukani anangoja upande utakaoshinda.

Zimamoto ni habari nyingine. Kwetu, Katiba ya 2010 iliiweka kazi ya kuzima moto mikononi mwa kaunti, pamoja na magari ya wagonjwa. Moto ukiteketeza soko Mombasa, anayelaumiwa ni gavana. Tanzania imepita njia ya kinyume. Kwa sheria ya mwaka 2007, kazi iliyokuwa ya halmashauri ikawa ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani, lenye koplo, sajenti na Kamishna Jenerali juu kabisa. Wanapigiana saluti. Kwa macho ya Mkenya inafurahisha kidogo kuona mtu wa mpira wa maji amenyooka kama yuko gwaride la Jamhuri, ila nidhamu hiyo ina faida: anayepiga 114 Shinyanga na anayepiga 114 Mtwara wanaliita jeshi lilelile.

Na mwishoni mwa jina la jeshi hilo kuna neno uokoaji, ambalo katika ukanda huu wa dhahabu lina maana ya kwenda chini. Kutoka Shinyanga kuelekea Kahama na Geita, wachimbaji wadogo hushuka kwenye maduara, yaani mashimo ya kuchimbia, yaliyoshikiliwa kwa matimba ya miti. Duara likititia, aliye chini hana namba ya kupiga. Wito unapigwa na waliobaki juu, na wanaoanza kufukua ni hao hao.

Kisa cha Nyangarata, Kahama, kinajulikana na kila mtu hapa. Mwezi Oktoba 2015 udongo uliporomoka, watu sita wakabaki ndani. Walipopatikana katikati ya Novemba, siku 41 zilikuwa zimepita na watano walikuwa hai. Walisema walikula mizizi, mende na vyura. Geita, Januari 2017, wachimbaji 15 walinaswa katika mgodi wa RZ, wakapelekewa chakula kwa bomba na kutolewa wote wazima baada ya siku tatu. Na Agosti 11, 2025, hapa hapa wilaya ya Shinyanga, watu 25 walifukiwa katika machimbo ya Nyandolwa. Habari hiyo bado inasimuliwa kwa sauti ya chini, na sikuchokonoa. Nilikumbuka kivuko cha Likoni kwetu Mombasa, Septemba 2019, gari lilipoteleza kutoka MV Harambee likazama na mama na mwanawe. Karibu wiki mbili tulisimama ufukweni tukiwatazama wapiga mbizi. Sisi tulitazama maji. Nyangarata walichukua sururu. Labda hailinganiki, kwani bahari haichimbwi.

Nilichokijia hasa, bila kujua, kilikuwa 115. Mpango unaitwa m-mama. Ulijaribiwa Sengerema na Shinyanga kabla Rais Samia hajauzindua kitaifa Dodoma, Aprili 2022. Unawahusu wajawazito, waliojifungua karibuni na vichanga. Mama au mhudumu wa zahanati anapiga bure. Anayepokea ana kompyuta inayompa maswali ya kuuliza, kisha anaangalia gari gani liko karibu. Gari la wagonjwa likiwa mbali, anampigia dereva jamii: mtu wa kawaida mwenye gari lake, aliyesajiliwa mapema, ambaye bei ya kila safari yake inajulikana. Anamchukua mama, anamfikisha, kituo kinathibitisha, malipo yanaingia kwenye simu yake.

Ndiyo maana nasema namba hii imefaulu kwa sababu haikulidharau yowe. Jirani mwenye gari alikuwapo tangu zamani na aliamshwa tangu zamani. Kilichoongezwa ni mtu wa kumchagua, na mafuta yake kulipwa. Vifo vya uzazi Tanzania vilikadiriwa 556 kwa kila vizazi hai 100,000 katika utafiti wa kitaifa wa 2015/16, na 104 katika ule wa 2022. Hakuna mpango mmoja unaoweza kujitwalia sifa yote hiyo, maana zahanati zimejengwa na wakunga wameajiriwa. Lakini muulize mama yeyote wa vijijini huku ni kitu gani kilichomtisha zaidi, atakutajia barabara kabla hajataja uchungu.

Dereva mmoja wa aina hiyo nilimkuta anaosha gari, viti vya nyuma amevivika nailoni. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba na kuniuliza natoka wapi. Alipanguza mikono, akataka kujua kwetu dereva wa usiku analipwa na nani.

“Na mgonjwa,” nikasema.

“Asipokuwa nazo?”

“Watu wanachanga.”

“Saa nane usiku, mwanangu, unachangisha wapi?” Nikamweleza jinsi wa tuktuk anavyongoja pale lango la hospitali, injini imezimwa, mpaka shemeji wa mgonjwa amalize kupiga simu. Akatikisa kichwa, akauliza kama kule kuna mtu anayepokea 115. Nikamwambia kuna namba nyingi. Akarudi kwenye ndoo yake.