Kuwa dukani si kuonekana

Ndugu na dada zangu wa Kakuma, Kalobeyei na kambi nyingine, leo nataka tuongee kitu ambacho kwenye kozi za kompyuta hakisemwi sana. Tunafundishwa kutengeneza programu ya simu, tunafundishwa kuiweka dukani. Basi, cheti, picha ya pamoja, kwaheri. Hakuna anayetuambia kwamba kuwa dukani na kuonekana dukani ni vitu viwili.

Kuingia si kazi kubwa. Google Play unalipa dola 25 mara moja tu. Apple ni dola 99 kila mwaka, hiyo wengi wetu tunaiacha. Kazi iko kwenye kutafutwa. Watu hawaangalii programu moja moja. Wanaandika neno, wanachukua moja kati ya zile tatu nne za juu. Apple wenyewe wanasema asilimia 65 ya programu zinazopakuliwa kwenye duka lao, mtu ametoka kuitafuta. Na tangu 2016 wanauza nafasi ya juu kama tangazo, kwa hiyo mwenye pesa anakaa mbele yako.

Mwanzoni mwa 2022 mchezo wa maneno wa Wordle ulienea dunia nzima. Aliyeutengeneza, Josh Wardle, aliuweka kwenye tovuti tu, hakuwa na programu dukani. Watu wakaenda dukani kuutafuta, wakakuta mchezo mwingine wa miaka ya nyuma, wa kijana Steven Cravotta, ambao uliitwa jina hilohilo. Ulikuwa umelala tu. Ghafla watu wakaupakua kwa wingi. Mchezo ni uleule, kilichobadilika ni neno ambalo watu wanaandika.

Sasa tuje kwetu. Rafiki yangu mmoja, Mkongomani kama mimi, ametengeneza programu ya maneno ya hospitali. Mama anabonyeza picha ya tumbo, anachagua maumivu yake kwa Kiswahili au Kirundi, daktari anasoma kwa Kiingereza. Haihitaji intaneti. Wiki za kwanza ukiitafuta unaiona juu. Baadaye ikashuka, ikashuka, mpaka kidole kinachoka kabla hujaifikia. Hakuna barua, hakuna sababu. Akaniambia, "Kaka, ni kama mtu amefunga kibanda changu usiku na mimi niko ndani."

Maduka hayatoi kanuni zote za kupanga. Lakini vitu vingine vinajulikana: wangapi wanapakua, wangapi wanabaki nayo, nyota ngapi, na kama inakwama. Google walisema wazi mwaka 2017 kwamba programu inayojifunga ovyo itashushwa chini. Hebu piga hesabu hiyo hapa kambini.

Kupakua: sisi tunarushiana kwa Xender tuokoe MB. Mmoja anapakua, block nzima inapata. Kwetu ni watu thelathini, dukani mara nyingi ni mmoja. Kubaki nayo: simu imejaa, picha za harusi zikiingia, programu inafutwa. Kukwama: simu zetu zimeshatumiwa na watu wawili watatu kabla yetu. Nyota: mama wengi simu zao zilifunguliwa na kijana wa duka la simu, kwa email ambayo wao wenyewe hawaijui.

Yaani umaskini wetu, kwenye mashine, unasomeka kama ubaya wa programu. Hiyo ndiyo inaniuma.

Rafiki yangu akataka niwaombe wanafunzi wangu wa jioni waipe nyota tano, hata wasioifungua. Nilikataa. Kwanza maduka yanakataza, anaweza kuondolewa kabisa. Pili, nyota za uongo hazimfundishi kitu. Mama mmoja aliyeitumia kweli alilalamika kwamba herufi ni ndogo, hazioni bila miwani. Jamaa akazikuza wiki hiyohiyo. Nyota mia za bure zisingemwambia hivyo.

Kwa hiyo vijana wenzangu, programu ikishuka usiseme kipaji chako kimekufa. Ipe jina ambalo mama yako angeliandika akiitafuta. Maelezo yaandike kwa Kiswahili pia. Halafu ibebe mwenyewe: kanisani, msikitini, bombani, kwenye magroup ya WhatsApp. Mwenye MB mpe link ya dukani, asiye na MB mrushie. Na andika namba za watumiaji wako kwenye daftari. Hao ni wako. Nafasi ya juu dukani ni ya kuazima.

Na ninyi wa mashirika, tunashukuru kwa kozi. Lakini mkija kupima kazi yetu, msiulize tu "imepakuliwa mara ngapi?" Kaeni kwenye foleni ya kliniki asubuhi moja, mhesabu nani anaitumia. Na mkiwa na ukuta kliniki, tupeni nafasi ya kubandika karatasi moja yenye jina la programu.

Ile ya rafiki yangu bado iko chini dukani. Ila wakalimani wawili wa kliniki wanayo, na juzi mmoja alimpigia kulalamika kwamba neno kizunguzungu halimo. Usiku huohuo akakaa chini kuliongeza.

Kama na wewe kuna kitu unatengeneza, tuambie jina lake. Tutakijaribu kweli, na tutakuambia ukweli.